Mapigo na Mizani: Maswali Kuhusu Kichakataji cha Tarakilishi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayesomea shahada ya uzamili hufikia wakati ambapo hana budi kununua kipakatalishi. Tasnifu haiandikwi tena kwa mkono ikapelekwa kwa mpiga chapa, na utafiti wa nyanjani siku hizi humrudisha mtafiti nyumbani akiwa na saa nyingi za sauti na picha zinazongoja kunukuliwa. Aghalabu mwanafunzi huyo huteremka hadi katikati ya jiji la Nairobi, Moi Avenue au Luthuli Avenue, akaonyeshwa mashine iliyokwisha kutumika ng'ambo, naye mwuzaji akamghania sifa zake: Core i7, gigahetzi 2.7, mashine ya nguvu. Msikilizaji hushika nambari moja au mbili, zile zinazosikika kuwa kubwa, akalipa. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba nambari hizo, zikisomwa peke yake, hazimwambii mnunuzi mengi, na kwamba fedha za wanafunzi wengi hupotea kwa sababu ya kuziamini.

Tuanze na neno lenyewe, maana utata wa kwanza umo humo. Katika shule na ofisi nyingi za Kenya, kasha zima la tarakilishi linalokaa chini ya meza huitwa CPU. Kasha lisipowaka husemwa kwamba CPU imeharibika, hata kama kilichoungua ni kifaa cha kuingizia umeme tu. CPU hasa ni kipande kidogo cha silikoni kilichomo ndani ya kasha hilo, ambacho kikivuliwa ganda lake aghalabu hakizidi sana ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Wapo wanaokiita prosesa, wapo wanaokiita bongo la tarakilishi, na wapo wanaokiita kichakataji. Mimi napendelea jina hili la mwisho. Kitenzi kuchakata kinafahamika kwa wanaolima mkonge: majani huingia mashineni upande mmoja, nyuzi zikatoka upande wa pili. Sitiari ya bongo, kwa upande wake, inakisingizia kifaa hiki fikra ambazo hakina.

Kwa hakika kazi ya kichakataji, ukiitazama kwa karibu, ni nyepesi ajabu. Huchukua amri moja kutoka kwenye kumbukumbu, huifasiri, huitekeleza, kisha huchukua nyingine. Amri zenyewe ni za kitoto: jumlisha nambari hizi mbili, linganisha herufi hii na ile, zikifanana, ruka hadi mahali fulani. Kulitafuta neno "methali" katika tasnifu ya kurasa 200 ni mfululizo wa ulinganishi wa namna hiyo, uliorudiwa mamia ya maelfu ya mara. Kazi hii huongozwa na saa ya ndani inayopiga mapigo sawasawa, mithili ya mpiga ngoma anayewaongoza wachezaji. Pigo moja kwa sekunde ni hetzi moja. Mapigo bilioni moja ni gigahetzi moja. Intel 4004, iliyotolewa mwaka 1971, ilipiga mapigo yapatayo 740,000 kwa sekunde. Vipakatalishi vya leo hupiga mapigo bilioni mbili, tatu, hata nne na zaidi.

Je, mwenye mapigo mengi ndiye mwenye kasi?

Swali hili ndilo linaloulizwa zaidi, na jibu lake ni rahisi kwa mwanafunzi wa ushairi kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Tuwachukue waghani wawili wanaoghani ubeti mmoja wa mishororo minne, kila mshororo mizani 16, yaani jumla ya mizani 64. Wa kwanza anafuata ngoma inayopiga mapigo 100 kwa dakika, naye hutamka silabi moja kwa kila pigo. Wa pili anafuata ngoma ya taratibu, mapigo 60 kwa dakika, lakini kwa kila pigo hutamka silabi tatu. Wa kwanza atamaliza ubeti kwa sekunde 38 hivi. Wa pili kwa sekunde 21. Aliyesimama mbali akisikia ngoma tu, asisikie maneno, atahukumu kinyume. Gigahetzi ni idadi ya mapigo ya ngoma. Kazi inayofanywa katika kila pigo haiandikwi popote kwenye kibandiko cha mashine.

Kosa hilo la kuhukumu kwa kusikia ngoma liliwahi kuutawala ulimwengu mzima wa biashara ya tarakilishi. Mnamo Novemba 2000 kampuni ya Intel ilitoa Pentium 4, iliyoanza na gigahetzi 1.4 na 1.5. Wahandisi wake walikuwa wameigawanya kazi ya kutekeleza amri moja katika hatua 20, takriban maradufu ya zile za Pentium III iliyotangulia. Hatua zikiwa nyingi na fupi, kila moja huhitaji muda mdogo, na kwa hiyo saa inaweza kupiga haraka zaidi. Amri husonga kwa mlolongo, moja nyuma ya nyingine, kama abiria katika foleni ya matatu.

Tatizo ni kwamba kichakataji hakiwezi kungoja hadi amri moja imalizike ndipo kiingize nyingine. Kinalazimika kubashiri. Hadhira inayosikiliza shairi la vina hufanya vivyo hivyo: ikiisha kusikia mishororo miwili, hubashiri kina cha wa tatu kabla mghani hajafika, na mara nyingi hupatia. Lakini mghani akibadilisha kina, lililoandaliwa akilini halina kazi tena. Kichakataji kinapokosea kubashiri, amri zote zilizokwisha kuingia foleni kimakosa hutupwa na foleni huanza upya. Foleni ikiwa ndefu, hasara nayo ni kubwa. Ndiyo maana Pentium 4 ilipiga mapigo mengi huku ikifanya kazi chache katika kila pigo.

Kampuni shindani ya AMD ilikuwa na vichakataji vya aina ya Athlon vyenye mapigo machache na kazi nyingi kwa kila pigo. Ilijua pia kwamba mnunuzi husoma gigahetzi tu. Kwa hivyo mnamo Oktoba 2001 ilianza kuvipa Athlon XP majina ya kujipigia debe: kilichoitwa 1800+ kilikuwa na gigahetzi 1.53. Jina lilidokeza kwamba kiwekwe katika daraja moja na vyenye 1.8. Ilikuwa hila ya kibiashara, lakini nadhani ilikaribia ukweli kuliko nambari halisi.

Intel nayo iliendelea kuchochea ngoma. Mwaka 2004 toleo jipya la Pentium 4 lilifikisha hatua 31, na katika mwaka huo huo likafika gigahetzi 3.8. Hapo likakwama. Ili saa ipige haraka zaidi, sharti volti ya umeme iongezwe, na umeme unaotumika hukua kwa kipeo cha pili cha volti hiyo. Kila kitumiacho umeme hutoa joto. Mnamo Oktoba 2004 Intel ilifutilia mbali mpango wake wa kutoa Pentium 4 ya gigahetzi 4. Suluhisho lilikuwa limekwisha kuchipuka kwingine: katika maabara zake za Haifa, Israel, kampuni hiyo hiyo ilikuwa imebuni Pentium M ya mwaka 2003, kichakataji cha vipakatalishi kilichokuwa na mapigo machache na kazi nyingi. Kutokana na fikra hiyo ikazaliwa Core 2 Duo ya Julai 2006, ambayo kwa gigahetzi 2 na ushei iliishinda waziwazi Pentium 4 ya gigahetzi 3 na zaidi. Mjadala ulipaswa kuishia hapo. Miaka mingi baadaye, mwuzaji wa Nairobi angali anaanza na gigahetzi.

Viini vinne ni mara nne?

Neno Duo katika jina hilo lilimaanisha kwamba ndani ya ganda moja mlikuwa na viini viwili, yaani vichakataji viwili kamili vinavyoshirikiana. Leo vinne, sita au vinane ni jambo la kawaida. Je, viini vinne humaliza kazi kwa robo ya muda? Inategemea kazi.

Mhadhiri mwenye daftari 120 za mtihani akizigawa sawasawa kwa wenzake watatu na yeye mwenyewe, usahihishaji utamalizika kwa robo ya muda, kwa sababu daftari moja haitegemei nyingine. Lakini shairi lenye maudhui yanayokua ubeti kwa ubeti haliwezi kutungwa na washairi wanne kwa wakati mmoja, kila mmoja chumbani mwake, bila ya wa pili kusikia alichosema wa kwanza. Mwanasayansi Gene Amdahl alilieleza jambo hili mwaka 1967: sehemu ya kazi isiyogawika ndiyo inayoweka mpaka. Nusu ya kazi ikiwa haigawiki, hata viini elfu moja haviwezi kuiharakisha kufikia mara mbili.

Kuandika sura ya tasnifu ni kazi ya aina ya pili. Mara nyingi kiini kimoja kinashughulika huku vingine vikisinzia. Kuhariri video ya ngoma iliyorekodiwa Kilifi, au kuiachia programu inukuu mahojiano ya saa tatu kutoka sauti hadi maandishi, ni kazi zinazogawika vizuri, na hapo viini vinne vinastahili fedha zake. Mtafiti wa fasihi simulizi basi ana mahitaji tofauti na mwenzake anayechambua riwaya, ijapokuwa wote wawili wako idara moja.

Je, i7 huishinda i5 daima?

Hasha. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Majina i3, i5 na i7, yaliyoanza kutumika kati ya mwaka 2008 na 2010, ni madaraja ndani ya kizazi kimoja. Hayalinganishi vizazi. Kizazi husomwa katika nambari inayofuata kistari: i7-7500U ni ya kizazi cha saba, i5-8250U ni ya kizazi cha nane. Herufi ya mwisho nayo ina maana yake. U huashiria umeme mchache na betri inayodumu, H huashiria nguvu zaidi na joto zaidi.

Tuvilinganishe hivyo viwili, kwa kuwa vyote hupatikana katika vipakatalishi vilivyokwisha kutumika. Ile i7-7500U ya mwaka 2016 ina gigahetzi 2.7 za msingi na viini viwili. Ile i5-8250U ya mwaka 2017 ina gigahetzi 1.6 za msingi na viini vinne. Kwa anayesikiliza majina na mapigo, ya kwanza inashinda mara mbili: ni i7, na gigahetzi zake ni nyingi. Lakini gigahetzi za msingi ni kiwango cha chini ambacho mtengenezaji anakiahidi wakati kazi ni nzito; vyote viwili huweza kupanda kwa muda hadi 3.5 na 3.4, tofauti isiyohisika. Katika kazi zinazogawika, i5 hii yenye viini maradufu humwacha kaka yake mbali. Mwuzaji anayetoza zaidi kwa ajili ya i7 hiyo hadanganyi kuhusu jina, ila jina ndilo linalodanganya.

Tena kuna sababu ya pili, ya dharura zaidi. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inakubali rasmi vichakataji vya Intel vya kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa vichache mno vya kabla ya hapo. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi nyingi za ng'ambo zimeziondoa mashine za kizazi cha sita na cha saba, na nyingi za namna hiyo huishia katika masoko ya mitumba kama yetu. Si takataka, zinaweza kuendeshwa kwa Linux, na mwenye subira atazitumia kwa miaka. Lakini anayenunua i7 ya kizazi cha saba afahamu anachokinunua.

Majina ya AMD yanahitaji jicho kali zaidi. Ryzen 5 7520U na Ryzen 5 7640U zinasikika kama ndugu wa tumbo moja. Siri iko katika tarakimu ya tatu: ile 2 ya kwanza inaonyesha usanifu wa Zen 2 uliotoka mwaka 2019, ile 4 ya pili inaonyesha Zen 4, ambao ni mpya zaidi kwa hatua mbili. Sijui ni mnunuzi gani anayetarajiwa kulijua hilo akiwa amesimama dukani.

Na kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, tusilipite jina Pentium. Lilibuniwa mwaka 1992 kwa sababu nambari tupu, kama 486 iliyotangulia, hazingeweza kulindwa kisheria kuwa mali ya kampuni moja. Wakati huo lilikuwa jina la heshima kuu. Baadaye likashushwa hadi daraja la mashine za bei nafuu, na mwaka 2023 likaondolewa katika vipakatalishi vipya. Maneno hushuka hadhi katika lugha kwa njia hiyo hiyo, ijapokuwa kwa kawaida hakuna idara ya mauzo inayoyasukuma.

Mbona mashine yangu yenye kichakataji kizuri ni kobe?

Kwa sababu kichakataji hutumia sehemu kubwa ya maisha yake kikingoja. Data ambayo kinaifanyia kazi hukaa mahali pengi. Kipo kiasi kidogo kilicho ndani ya kichakataji chenyewe, kinachoitwa akiba, kisha kuna kumbukumbu kuu ya mashine, kisha diski. Umbali kati ya ngazi hizi ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Tuseme pigo moja la kichakataji cha gigahetzi 3 lingerefushwa likawa sekunde moja. Kuchukua kitu kutoka akiba ya karibu kungechukua sekunde nne hivi, kama kuinua kitabu kilicho mezani. Kukichukua kutoka kumbukumbu kuu kungechukua dakika tano, mwendo wa kwenda kwenye rafu za maktaba na kurudi. Kukichukua kutoka diski ya SSD, isiyo na sahani inayozunguka, kungechukua siku tatu na nusu. Kukichukua kutoka diski ya zamani yenye sahani kungechukua siku 347, karibu mwaka mzima.

Kumbukumbu kuu ikijaa, kwa mfano mtu akiwa na gigabaiti 4 tu huku amefungua kivinjari chenye kurasa ishirini pamoja na tasnifu yake, mashine huanza kuhamisha data kwenda diskini na kuirudisha. Kila safari ni mwaka. Hakuna i7 inayoweza kuuponya ugonjwa huo. Kwa maoni yangu, mwanafunzi mwenye fedha za kuchagua kati ya kupanda daraja la kichakataji na kupata SSD pamoja na kumbukumbu ya gigabaiti 8 hana la kufikiria: achukue SSD na kumbukumbu. Akiwa na i5 ya kizazi cha nane, au Ryzen ya rika lake, ana mashine itakayomfikisha mahafali, isipokuwa kama video ndiyo kazi yake ya kila siku.

Na vichakataji vya simu?

Hivyo huzungumza lugha nyingine, na kwa mara hii sitiari inakaribia kuwa ukweli mtupu. Kila aina ya kichakataji ina msamiati wake wa amri. Intel na AMD hutumia msamiati mmoja, uliotokana na Intel 8086 ya mwaka 1978. Simu karibu zote hutumia ule wa ARM, uliobuniwa na Sophie Wilson na Steve Furber katika kampuni ya Acorn mjini Cambridge, Uingereza. Kichakataji cha kwanza cha ukoo huo kilifanya kazi mwaka 1985. Amri zake zilikuwa chache na sahili, nacho kilitumia umeme mdogo mno, sifa iliyokuja kukifaa kifaa cha mfukoni.

Programu iliyoandaliwa kwa msamiati mmoja haieleweki kwa mwingine bila mfasiri. Apple ilipoanza mnamo Novemba 2020 kuacha vichakataji vya Intel na kutia M1, yake yenyewe ya ukoo wa ARM, katika vipakatalishi, iliambatisha programu ya kufasiri iliyoitwa Rosetta 2, kwa kulikumbuka jiwe la Rosetta lililowawezesha wataalamu kuisoma hati ya Misri ya kale. Tafsiri hiyo hufanya kazi vizuri, ila haina budi kugharimu muda kidogo. Zipo sasa pia mashine za Windows zenye vichakataji vya ARM. Mtafiti anayetegemea programu ya zamani ya kuchambua matini au ya fonetiki aulize kwanza kama itakubali kuendeshwa humo.

Mtu aliye na mashine tayari anaweza kupima mwenyewe kabla ya kutoa senti. Katika Windows, abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakalofunguka lina sehemu inayoonyesha utendaji: humo huandikwa jina kamili la kichakataji, ambalo si rahisi kulibandua na kulihamisha kama kibandiko cha nje, pamoja na idadi ya viini vyake. Kisha afungue kazi zake za kawaida, atazame asilimia. Kichakataji kikiwa 10 huku diski imeganda kwenye 100, mkosaji amejulikana. Kumbukumbu ikizidi 90, vilevile. Kichakataji kikiwa 100 kwa muda mrefu lakini gigahetzi zinaonekana kushuka chini ya zile za msingi, aguse sehemu ya chini ya mashine. Ikiwa inaunguza, basi kichakataji kinajipunguzia mapigo ili kisiungue, na yamkini kilichoziba njia ya hewa ni vumbi. Fundi hulisafisha kwa muda mfupi, na kwa gharama ndogo mno kuliko ya mashine nyingine.